Ngomeni au Rabai: Namna ya Kuchagua Makumbusho Ukiwa na Siku Moja Mombasa

Kila ifikapo Desemba, jamaa wanapoteremka kutoka bara kwa treni na mabasi, nyumba nyingi za Mombasa hujikuta na swali lile lile baada ya siku mbili za kuogelea: wageni wapelekwe wapi wakaone historia ya mji huu? Wengi hujibu Ngome ya Yesu kabla swali halijamalizika, na jibu hilo si baya, ila mara nyingi hutolewa kwa mazoea bila kumfikiria mgeni mwenyewe. Kuna makumbusho mengine ambayo kwa mwendo wa matatu yako mlangoni mwetu, nayo ni Makumbusho ya Krapf huko Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mazeras, kiasi cha kilomita 25 kutoka kisiwani. Kiutawala Rabai iko kaunti ya Kilifi, lakini historia yake haitenganishiki na ya Mombasa. Yote mawili yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kila moja linastahili siku yake. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye siku moja tu, ambaye hana budi kuchagua.

Usianze kwa kulinganisha ukubwa, kwa sababu Ngome itashinda hata kabla hamjaondoka nyumbani. Anza kwa kumuuliza mgeni anataka kujua nini. Ngomeni utasimuliwa habari za pwani kwa upande wa bahari: nani alikuja kwa merikebu, alitaka nini, alijenga nini, alifukuzwa vipi, na wenyeji wa Mvita, yaani Mombasa ya kale, waliishije baina ya wageni hao wenye mizinga. Rabai utasimuliwa habari za pwani kwa upande wa nchi kavu: Wamijikenda na kaya zao, yaani makazi yao ya kale ndani ya misitu, misafara iliyoelekea Uchagani na Ukambani, watumwa waliotoroka na waliokombolewa, na jinsi Kiswahili cha Mombasa kilivyoingia katika kamusi. Mgeni anayeuliza kwa nini kuna Wareno katika historia yetu apelekwe Ngomeni. Anayeuliza Mombasa na bara zilijuana vipi, apelekwe Rabai.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya mfalme Felipe, aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja, na mchoro wake ulitoka kwa mjenzi Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ilikaa juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari ya zamani ili kila chombo kilichoingia kipite chini ya mizinga. Ukitazama ramani iliyochorwa kutoka juu utaona umbo linalofanana na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini na mikono na miguu ikiwa ni buruji za pembeni. Ninashauri mgeni aoneshwe ramani hiyo kwanza, kwa sababu mtu anayetembea ndani bila kuwa na umbo hilo akilini huona kuta tu, na kuta zikizidi humchosha.

Kabla ya kuingia, simama kwenye lango na uinue macho. Juu yake kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe, ambamo Francisco de Seixas de Cabreira anajitangaza kuwa alifanywa kapteni wa ngome hii mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, kwamba aliijenga upya, na kwamba aliiadhibu miji ya pwani iliyoasi. Watu wengi hupita chini ya jiwe hilo wakitafuta tiketi zao mfukoni. Mimi humsimamisha mgeni hapo kwa dakika tano nzima, kwa maana jiwe lenyewe linazua swali: kwa nini ngome iliyokamilika miaka arobaini tu kabla yake ilihitaji kujengwa upya?

Jibu ni Yusuf bin Hasan, mwana wa sultani wa Mombasa, ambaye Wareno walimpeleka Goa, makao yao huko India, akiwa mtoto, wakambatiza na kumwita Dom Jerónimo Chingulia, kisha wakamrudisha kutawala mji wa baba yake. Mwaka 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni, akaurudia Uislamu na kuiteka ngome. Mwaka uliofuata, baada ya kuzuia shambulio la Wareno, aliibomoa alivyoweza na kuondoka kwa merikebu. Jiwe lililo juu ya lango ni majigambo ya mtu aliyekuja kufunika aibu hiyo. Mgeni akishaelewa hivyo ameshapata ufunguo, na vitu vingine ndani vitaanza kusema vyenyewe.

Ndani, sishauri kuzunguka kila kona. Chagua vitu vitatu na uvipe muda. Cha kwanza kiwe ukuta wenye michoro ya askari na mabaharia wa Kireno, iliyochorwa kwa makaa na udongo mwekundu juu ya lipu. Sogea karibu uone merikebu, samaki na sura za watu, mistari yake ikiwa na haraka na kutetereka kwa mkono wa mtu asiyekuwa mchoraji, bali aliyekuwa amechoka kungoja chombo kutoka Goa. Katika ngome nzima sijui kitu kingine kinachomleta mtu wa kale karibu kiasi hicho. Watoto hukielewa mara moja, kwa sababu wao pia huchora ukutani wanapochoka kukaa.

Cha pili kiwe habari za mazingiwa makubwa na merikebu iliyozama. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, takriban miezi 33, na waliowamaliza watu wa ndani zaidi ya risasi walikuwa maradhi na njaa. Kapteni Mreno alipokufa Agosti 1697, aliyebaki kuishika ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake wachache na wanawake wa Kiafrika waliolinda kuta hadi msaada ulipofika mwezi uliofuata. Mwongozaji asipoitaja habari hii, muulize, kwa kuwa masimulizi ya mazingiwa mara nyingi hufanywa kana kwamba ni Wareno na Waarabu peke yao waliokuwapo. Katika msaada huo ilikuja merikebu ya kivita Santo António de Tanna, iliyozama mwaka huo huo wa 1697 chini ya ngome yenyewe. Ilikaa sakafuni mwa bahari hadi wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale walipoichimbua kati ya 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimewekwa katika ukumbi wa maonyesho. Tazama vyombo vya kawaida vya mabaharia kabla ya vile vya fahari.

Cha tatu nakuachia wewe uchague kulingana na mgeni wako. Mpenzi wa usanifu na mapambo ataifurahia Nyumba ya Waomani iliyo juu ya buruji, na zaidi ya hapo ukumbi wa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa kutoka ngome hii kwa takriban miaka mia moja mpaka Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipowaondoa mwaka 1837. Mwenye kupenda biashara ya kale ataridhika na vyungu na kauri za Kichina zilizofukuliwa katika magofu ya pwani. Na yeyote aliye na mzee aliyezaliwa Mombasa kabla ya 1958 atakumbushwa kuwa mahali hapa palikuwa jela ya serikali ya Kiingereza tangu 1895 hadi mwaka huo, na kwamba katika nyumba za Mji wa Kale jina la ngome liliwahi kutajwa kwa sauti ya chini.

Sasa niseme jambo ambalo hupuuzwa na ambalo linaweza kuamua safari nzima, nalo ni jua. Ua wa Ngome uko wazi, na kuta za matumbawe hushika joto na kulirudisha. Februari moja, katikati ya kaskazi, nilimpeleka shangazi yangu aliyetoka Voi, tukaingia saa saba mchana kwa sababu tulichelewa kula. Tulipofika katikati ya ua, alikuwa ameshika ukuta akihema. Nilimkalisha chini ya kivuli cha lango, nikamtafutia maji, na hapo ndipo alipokaa mpaka tulipoondoka. Miaka kumi alikuwa ameitamani safari ile, naye akaona mizinga na mwanga mkali basi, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo sikubali kuingia Ngomeni baina ya saa sita na saa tisa mchana katika miezi ya Desemba hadi Machi. Milango hufunguliwa saa mbili asubuhi, na saa mbili na nusu ndiyo saa yenyewe: upepo wa bahari bado ni mwepesi, makundi ya shule hayajafika, na mwanga huingia kwa upole. Wasioweza kuamka waje saa kumi, wakijua kwamba saa kumi na mbili hufungwa.

Kuhusu miguu pia, uwe mkweli. Ngome ina ngazi, miinuko, na mawe yaliyolainishwa na nyayo za karne nne. Mzee anayetumia mkongojo anaweza kuona lango, ua na ukumbi wa maonyesho, lakini asilazimishwe kupanda kwenye buruji. Viatu viwe vya kukamata chini, si ndara.

Rabai ni jambo jingine kabisa, na hapa namwomba msomaji anipe subira, kwa sababu watu wengi wa Mombasa wamepita Mazeras mara mia wakielekea Nairobi bila kukunja kulia hata mara moja. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Katika miezi michache tu mkewe Rosine alifariki pamoja na mtoto wao mchanga, na kaburi lake liko mpaka leo upande wa Nyali. Mwaka 1846, alipojiunga naye Johannes Rebmann, walihamia Rabai kwa idhini ya wazee wa huko. Makumbusho yako katika eneo hilo hilo la misheni, pamoja na kanisa la Mtakatifu Paulo na nyumba walizoishi wamishonari hao.

Usiende Rabai ukitarajia vitu vingi kwenye makasha ya vioo. Maonyesho ni ya kiasi, na mtu mwenye haraka atayamaliza kwa nusu saa na kudai hakuna kitu. Utajiri wa Rabai uko katika kusimama pale pale mambo yalipotokea, na ukiwa na simulizi tayari kichwani. Kutoka kilima hiki Rebmann aliondoka mwaka 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa misafara aliyezijua njia za bara, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Habari hiyo ilipofika Ulaya wataalamu wakubwa walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka uliofuata Krapf, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya. Rebmann alibaki Rabai hadi 1875, karibu miaka 29, akaondoka macho yake yakiwa yameshapofuka. Soma tarehe hizo polepole mbele ya nyumba yake, ukijua kwamba katika miaka yote hiyo waliobatizwa walikuwa wachache mno, wa kwanza wao akiwa Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa.

Kwa mpenzi wa Kiswahili, Rabai ina haki ya pekee. Krapf alijifunza lugha hii Mombasa, akachapisha sarufi yake mwaka 1850, na kamusi aliyoikusanya kwa miaka mingi ikatoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kiswahili kilichomo ni cha Mvita, na ndani yake yamo maneno ambayo bibi zetu bado huyatumia jikoni ilhali vitabu vya shule vimeyasahau. Mwalimu wa Kiswahili mwenye darasa la kidato cha tatu, kama atalazimika kuchagua, aende Rabai, kwa sababu wanafunzi wake wengi watakuwa wameshapelekwa Ngomeni shule ya msingi.

Na iko sehemu ya Rabai ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote. Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliokombolewa na wale waliotoroka mashamba ya pwani. Miaka ya 1880 misheni iliongozwa na William Jones, ambaye mwenyewe alikuwa ameuzwa utumwani utotoni, akakombolewa na kusomeshwa Nasik huko India. Wenye mashamba walipodai warudishiwe watu wao na vita vikanukia, ilifanyika suluhu kwa malipo, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walipewa hati za uhuru. Simama nje ya kanisa ujaribu kuwaweka watu 1,400 katika uwanja ule. Wajukuu wa wajukuu wao wako Rabai, Freretown na Mombasa nzima, na wengine huenda wako ndani ya matatu iliyokuleta. Kama katika familia yako kuna simulizi ya bibi aliyetoka mbali bila kujulikana alikotoka, makumbusho haya yanaweza kukuhusu kuliko ngome yoyote.

Jirani ya hapo iko Kaya Mudzi Muvya, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya Ngome yenyewe. Kaya si bustani ya kutembelea. Uliza makumbushoni namna ya kuwafikia wazee, omba idhini, vaa kwa heshima, usipige picha mpaka uruhusiwe, na ukikataliwa siku hiyo, pokea jibu hilo bila kujadiliana.

Kuna wanaouliza kama haiwezekani kuona yote mawili kwa siku moja. Inawezekana kwa gari, na sishauri. Mgeni anayefika Rabai akiwa ametoka Ngomeni asubuhi huwa ameshajaa tarehe na majina, naye hukaa kwenye kivuli cha mwembe akisubiri wenzake. Ikiwa mgeni atakaa wiki, tenganisha siku, na utangulize Ngome, kwa sababu kisa chake kimoja humalizikia bara: Sultani Hasan, baba yake Yusuf yule aliyeiteka ngome, alipogombana na Wareno alikimbilia kwa watu wa bara, na huko akauawa mwaka 1614, mahali ambapo baadhi ya wanahistoria wanapahusisha na Rabai. Mtu aliyekwisha kulisikia jina la Yusuf langoni ataitazama njia ya Mazeras kwa jicho jingine.

Kwa ufupi wa kauli yangu binafsi: mgeni wa mara ya kwanza, mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili, au mtu mwenye saa tatu tu kabla ya treni, nampeleka Ngomeni. Mkazi wa Mombasa aliyeiona Ngome, mwalimu, mtu anayetafuta mizizi ya familia yake, au mgeni aliyechoshwa na umati wa watalii, nampeleka Rabai. Mzee mwenye magoti mabovu nampeleka Rabai pia, maana eneo ni dogo na kivuli ni kingi, ilimradi kuna gari la kumfikisha mlangoni.

Usafiri wa Ngomeni hauhitaji maelezo marefu: tuktuk yoyote kisiwani inapajua, na ukitembea kwa Nkrumah Road utapita jengo la mahakama ya zamani kabla hujafika. Ukitoka ndani, Ndia Kuu iko hapo hapo, na kahawa chungu na kaimati utavipata bila kuuliza sana. Kwa Rabai, panda matatu za Mazeras, kisha uchukue gari au bodaboda linaloshika barabara ya Kaloleni. Patana bei ya bodaboda kabla ya kupanda, na mkubaliane kama atakusubiri, kwa kuwa kurudi huenda kukawa na uhaba wa vyombo. Beba maji na chakula chepesi. Jumapili asubuhi kanisa lina waumini wake, kwa hiyo siku za katikati ya wiki ni bora zaidi.

Katika makumbusho yote mawili kiingilio hutofautiana kati ya raia na mgeni wa nje, na kati ya mtu mzima na mtoto, hivyo kila mtu abebe kitambulisho chake, na simu yenye salio la kulipia. Mchukue mwongozaji, lakini patana naye kwanza, na umwambie mapema ni vitu gani vitatu mnavyotaka kuvikalia. Waliokwenda Rabai waondoke huko ifikapo saa tisa alasiri, kwani baada ya hapo malori ya bandarini huijaza barabara kutoka Miritini hadi Changamwe, na mwendo wa dakika arobaini unaweza kuwa wa saa mbili.